Picha Aliyoiosha Bwana Wino

Walikutana kwa ugomvi. Ukumbi wa maonyesho ulikuwa umefurika watu, na mchapaji mmoja alikuwa ameanika kadi zake zenye wino mbichi kwenye kamba kama nguo. Dada mmoja aliyevaa gauni jeupe, limemkaa kiunoni kama limezaliwa naye, akasukumwa na umati mpaka kwenye ile kamba. Alipochomoka, mgongo wake ulikuwa na ndege watatu wekundu.

"Usijifute, dada," mchapaji alisema. "Utawaua."

"Gauni hili nimelishona siku mbili."

"Na hao ndege nimewachapa siku tatu. Wewe ndiye umeniibia."

Dada alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka. Akauliza kadi zile ni za nini. Mchapaji akamweleza kwamba alichapa kwa mkono, wino ukipenya kwenye hariri iliyowambwa kwenye fremu ya mbao. Kadi, bahasha na madaftari yake yalisaidia nyumba ya wagonjwa wasio na tiba, ile iliyo nyuma ya soko.

Kicheko kikamwisha yule dada. "Mama yangu yuko huko," alisema.

Tangu siku hiyo alimwita Bwana Wino, naye akamwita Fundi, maana alishona sare za shule kuanzia asubuhi hadi jioni. Hawakupitisha siku bila simu.

Kila Jumatano Bwana Wino aliwapelekea wagonjwa fremu wachore wenyewe. Walichora kwa brashi na gundi juu ya hariri. Palipopita gundi wino haupiti, na picha hutoka nyeupe kwenye karatasi. Mama yake Fundi alikuwa amepooza upande mmoja na maneno yamemkauka, lakini Jumatano moja alishika brashi kwa mkono wa kushoto, akachora saa nzima huku jasho likimtoka. Alipomaliza, akaigusa picha, kisha akaugusa mtandio ambao binti yake aliuacha kitandani.

"Ni yake," Bwana Wino alisema. "Nitamchapia, Mama."

Asubuhi iliyofuata alikuwa karakanani akiosha fremu za kazi zilizokwisha. Kwa kawaida huiinua kila fremu dirishani, aitazame kwenye mwanga kabla ya kuimwagia maji. Siku hiyo alikuwa ameibana simu kati ya sikio na bega.

"Umekula?" Fundi aliuliza.

"Nimekula sauti yako, nimeshiba."

"Muongo wewe. Sauti haina chumvi."

"Yako inayo. Hapa natafuta maji ya kunywa."

Alikuwa bado anacheka, mkono wake ukivuta fremu na kuiweka chini ya maji ya moto. Alipoiona ile picha ya Mama, cherehani iliyochorwa kwa mkono unaotetemeka, ilikuwa tayari imelainika na inateleza kuelekea kwenye tundu la sinki. Akaikinga kwa kiganja. Gundi ikampita katikati ya vidole.

"Mbona umenyamaza?"

"Maji tu, mpenzi. Yananiunguza."

Angesema hapo hapo, labda yangekwisha kwa machozi ya siku moja. Lakini aliogopa. Akachukua fremu safi, akachora kwa kukumbuka: mwanamke kwenye cherehani, kitambaa kikimwagika mezani. Mistari iliyoyumba aliinyoosha kidogo. Akachapa kwa wino wa bluu. Fundi alipopewa kadi alilia kwa furaha, akambusu vidole vyenye wino, akakimbia nayo kwa mama yake.

Jioni simu ikalia.

"Ameikataa," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Ameikataaje?"

"Ameitazama, akaigonga kwa kidole hapo chini ya ile meza ya pichani. Akaigonga tena na tena. Nikamwambia, asante Mama, ni nzuri. Akaisukuma ikaanguka, akanigeuzia uso ukutani. Nimemkosea nini mama yangu?"

"Hujamkosea."

"Wewe unajuaje?"

Alijua. Hakusema.

Siku zikapita, mama bado ameukabili ukuta. Fundi aliacha kushona, akaacha kula, mwisho akaacha kupokea simu. Siku ya sita muuguzi akampigia Bwana Wino. Mama hatafika kesho, na binti yake amekaa ukumbini, hataki kuingia. Anasema hataki mama yake afe na hasira ya kumwona.

Bwana Wino alikimbia njia nzima. Alimkuta kwenye benchi, amevaa gauni ndani nje, mishono yote wazi, yeye ambaye hakuvumilia hata uzi mmoja unaoning'inia.

"Fundi, ile kadi niliichora mimi."

Fundi akavuta uzi mmoja kwenye mshono wa gauni.

"Ya Mama niliiosha. Nilikuwa naongea na wewe, sikuitazama. Nikaogopa kukwambia."

"Umeniacha siku sita nikijua mama yangu amenikataa."

"Ndiyo."

"Siku sita."

"Ndiyo. Na kuna kingine. Chini ya meza alichora kitu kidogo cha mviringo. Nilidhani gundi imemdondoka. Sikukiweka."

Fundi akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Nilikuwa nalala pale," alisema. "Nikiwa mdogo. Juu ya vipande vya vitambaa, miguuni pake, yeye akishona. Ni mimi yule. Umeniondoa mimi."

Akainuka, akaingia bila kumtazama. Kupitia mlangoni Bwana Wino alimsikia: "Mama, nipo. Nipo hapa chini ya meza. Sijaenda popote." Kisha kitanda kikalia, kama mtu anayejigeuza kwa shida.

Alipotoka, macho yalikuwa yamevimba. Akakaa mwisho wa benchi, mbali naye.

"Amenigeukia," alisema. "Ameshika sikio langu, hajaliachia mpaka amelala." Akapangusa uso kwa kiganja. "Kile kitu. Kilikuwa na miguu?"

"Sikumbuki."

"Kichwa je?"

"Sikumbuki, mpenzi. Ningependa kusema ndiyo. Sikumbuki."

Fundi alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Usiniite mpenzi leo."

"Sawa."

Fundi akarudi ndani. Mlango ukabaki nusu wazi, na pazia la chumbani likapeperushwa na upepo wa ukumbini.

"Mama anaona baridi," akasema kutoka ndani, kwa sauti ya chini. "Ingia ufunge."

Bwana Wino akaingia, akaufunga mlango nyuma yake.