Waya wa Tatu Kwenye Betri

“Mzigo umeondoka Msambweni,” alisema Jacinter kwenye spika ya simu. “Hilux nyeupe, turubai la kijani. Itapita hapo Mwabungo baada ya nusu saa. Ifuate. Hatujui wanaupeleka wapi.”

“Nimekupata, mkuu.”

Mumbe Kaloki, afisa wa ujasusi, alizungusha ufunguo wa Prado.

Tk.

Akazungusha tena. Tk. Taa za dashibodi zikafifia, zikazimika.

Ndani ya ile Hilux mlikuwa na vilipuzi vya kuangusha jengo zima. Kesho asubuhi mawaziri wa nchi tatu wangekutana katika hoteli moja ya Galu.

Alivuka barabara mbio hadi gereji ya Menza, fundi wa umeme wa magari.

“Shikamoo, fundi. Gari limekataa kuwaka, nami nina haraka.”

“Marahaba. Limekaa siku ngapi bila kuwashwa?”

“Nne. Na betri ni mpya, haijatimiza mwezi.”

Menza alikuja na mita na betri ya akiba. Akapima. Volti kumi na moja tu. Akaunganisha nyaya za kuazima moto, na injini ikanguruma mara moja.

“Stata nzima.” Akapima tena. “Kumi na nne. Oltaneta inachaji vizuri. Basi kuna kitu kinanyonya moto gari likiwa limezimwa.”

Dakika ishirini na mbili zilibaki. Mumbe angeweza kuondoka, lakini maneno yale yalimkaa vibaya.

“Kitafute.”

Menza alizima injini, akafungua waya wa hasi, akaipachika mita katikati. Moto ulikuwa ukipita. Akachomoa fyuzi moja baada ya nyingine. Namba haikushuka hata kidogo.

“Hakipiti kwenye fyuzi,” alisema kwa sauti ya chini, kichwa ndani ya boneti. “Tazama hapa kwenye chanya. Nyaya mbili ni za gari. Huu wa tatu si wake.”

Ulikuwa mwembamba, umefungwa utepe mweusi. Waliufuata hadi chini ya kiti cha dereva.

Kisanduku. Taa nyekundu. Tundu dogo la maikrofoni.

Menza alifungua kinywa. Mumbe akamwekea kidole mdomoni.

Kwa siku nne gari lilikuwa likisikiliza. Agizo la Jacinter lilikuwa limeshafika kwa wenye mzigo. Na mtu mmoja tu aliwahi kuondoka na Prado hiyo: Quincy, mwenzake wa kazi, aliyeipeleka kufungwa king'ora siku nne zilizopita. Quincy aliyembebea jeneza la babake huko Machakos.

Aliketi mbele ya usukani, akainua simu isiyo na mtu upande wa pili.

“Mkuu, liliwaka likazimika. Betri imekufa kabisa. Siwezi kuwafuata.”

Kisha akatoka, akaenda mbali, akamwandikia Jacinter ujumbe: *Quincy ni wao. Usimpigie. Tuma kikosi kinifuate.*

Alimnong'oneza Menza jambo. Fundi akasogeza betri kuukuu karibu, akaunganisha kisanduku nayo kwanza, ndipo akakikata kwenye Prado. Taa nyekundu haikupepesa. Akaifungia Prado betri ya akiba. Akakibeba chote hadi mezani kwake, akaanza kugonga chuma na kulalamika kwa sauti juu ya magari ya siku hizi.

Hilux ilipita polepole. Dereva alitazama gereji, akatabasamu.

Mumbe alihesabu hadi thelathini, akaingia barabarani.

Walipinda Galu, wakafuata njia ya mchanga hadi nyumba yenye ukuta mrefu, mita mia moja tu kutoka hotelini. Lango lilifunguliwa na Quincy. Sikioni alikuwa na kipokea sauti. Hilux ikaingia.

Mumbe alishuka, akapita langoni kabla halijafungwa. Glock mkononi.

“Mikono juu, Quincy.”

Quincy alimtazama kama anayeona maiti ikitembea. Bado alikuwa akimsikia Menza akigonga chuma Mwabungo.

“Mumbe... uko kwa fundi.”

“Mikono juu.”

Dereva alinyoosha mkono chini ya kiti. Mumbe akafyatua. Kioo kikamwagika, na mkono ukarudi juu. Nyuma ya Mumbe magari mawili ya kikosi yaliziba lango.

Chini ya turubai walikuta makreti sita ya vilipuzi.

“Walinitajia jina la mwanangu na la shule yake,” alisema Quincy wakimfunga pingu. “Ningefanya nini?”

“Ungeniambia.”

Sauti yake haikupanda. Alirudisha bastola kiunoni, akafuta vumbi la kioo begani, akatembea kuelekea barabarani bila kugeuka.