Parafujo ya Kiwanda cha Haradali

Mashine ya kukamulia haradali ilikuwa imefunguliwa tumbo, na parafujo yake, lile chuma refu la mizunguko linalosukuma mbegu, haikuwepo.

Inspekta alisimama mlangoni mwa kiwanda, kama kile chumba cha mabati chenye sakafu ya saruji mbichi kinastahili kuitwa kiwanda, akajipapasa mfuko wa shati. Mtupu. Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu aache sigara, na kwa siku kumi na moja hakuna aliyeona raha: si yeye, si mkewe, si Sajenti wake. Alihaha kutwa kama kuku anayetaka kutaga. Faida aliyoipata mpaka sasa ilikuwa moja, nayo ni kero tupu. Pua yake iliyolala miaka ishirini ilikuwa imeamka, inasikia kila kitu: soksi za mahabusu, wino wa muhuri, chai ya jana.

Humu ndani ilisikia haradali, ukali wa kupanda mpaka nyuma ya macho. Na chini ya haradali kulikuwa na harufu nyingine ambayo hakuitambua.

"Nani aligundua?"

"Mimi." Mwenye kiwanda alikuwa mwanamke mfupi, aproni yake bado ina mikunjo ya dukani. "Saa kumi na mbili na nusu nilikuja kuipasha mashine moto. Kesho saa nne mkaguzi wa viwango anakuja."

"Asipoikuta inafanya kazi?"

"Ombi langu la leseni linarudi mwisho wa foleni. Miezi sita." Akanyoosha mkono kwenye magunia yaliyopandana mpaka darini. "Hizi ni mbegu za wakulima kumi na wawili. Watanisubiri miezi sita, Inspekta? Kesho hiyo hiyo watazibeba, nibaki na kibanda na mashine isiyo na utumbo."

Nyuma yake, kwenye mlango wa uani, dada yake mkubwa alisikia hayo, akaliachia sinia alilobeba. Mbegu zikatawanyika sakafuni. Akainama kuziokota.

"Kufuli?"

"Zima. Funguo ni tatu. Mimi, Dada, na fundi. Fundi yuko mji wa pili tangu Jumatatu."

Sajenti, mwanamke mrefu asiyecheka kazini, alikuwa amekwisha piga simu. "Ni kweli, Afande. Jana kutwa alikuwa chini ya mashine ya watu huko. Mashahidi wanne. Anarudi Jumapili."

Inspekta aliizunguka mashine mara tatu. Mara ya nne akachuchumaa. Vyuma vya kukamulia vilikuwa vimelazwa juu ya gunia safi, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio vilivyotoka. Nati zote zilikuwa ndani ya kikombe, na kikombe kimetiwa mafuta zisipate kutu.

"Mwizi wa vyuma chakavu hana adabu hii," alisema.

"Alama za vidole zimejaa, lakini zote ni za wenyewe," alisema Sajenti. "Kikulacho ki nguoni mwako, Afande."

"Methali haiingii kwenye jalada, Sajenti. Andika kikombe."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mkamuaji mwingine, wa alizeti, mwenye tumbo la kutangulia na mdomo mrefu kuliko tumbo. Mtaa mzima ulimwita Alizeti. Alikuwa amekaa kibarazani pake akingoja kuhojiwa, na mpaka kiti cha mgeni alishakiandaa.

"Inasemekana uliapa kiwanda kile hakitafika Ijumaa," alisema Inspekta. Kiti hakukikalia.

"Niliapa. Haradali nani atainunua? Inaliza kuliko kitunguu."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, namtazama mke wangu akinikasirikia. Muulize, atafurahi kukueleza. Inspekta, kusema si kuiba. Halafu parafujo ile nyembamba, kwenye mashine yangu ingecheza kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha babu. Njoo upime."

Sajenti alipima matundu ya mashine zote mbili. Ni kweli, haikuwa ya saizi yake.

"Ulimwona nani akifunga kule?"

"Pua. Saa kumi na moja na kitu. Alichelewa kutoka."

Pua ndilo jina walilompa yule dada mkubwa. Miaka kumi na minane alikuwa mwonjaji kwenye kiwanda kikubwa cha mafuta. Ulimpa chupa akainusa mara moja, akakwambia imekaa siku ngapi na mbegu zilipashwa moto kiasi gani. Kiwanda kile kilipofungwa alihamia kwa mdogo wake, na mdogo mtu akapata wazo la haradali. Mbegu zake zikipashwa moto kidogo hutoa mafuta vizuri; zikizidi, mafuta yote yananuka masizi. Kuamua zimefika au bado ilikuwa kazi ya Pua peke yake. Hata kwenye fomu ya maombi aliandikwa yeye: msimamizi wa ubora.

Walimkuta uani, mbele ya jiko, anakoroga mbegu kwenye karai.

"Mashine imekufa, Mama. Unapasha za nini?"

"Kukaa bure siwezi. Parafujo ikipatikana, zikute tayari."

"Jana ulifunga peke yako?"

"Peke yangu. Mdogo wangu alifuata chupa mjini."

"Parafujo ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Ulichelewa kutoka. Ulikuwa ukifanya nini?"

"Nafagia."

Inspekta alifungua kinywa aulize lingine, akakifunga. Harufu ilimfikia, nyepesi, halafu nzito. Alimtazama Pua. Pua anakoroga tu, taratibu. Mlangoni mdogo wake ameziba pua kwa aproni.

"Mama, zinaungua."

"Bado."

Akakoroga tena. Moshi ulipochomoza pembeni mwa karai ndipo alipouona, akashtuka, akaepua kwa mikono miwili. Moshi wa haradali ukawaingia wote machoni, wakalia wote, na Sajenti akalia zaidi ya wote.

Inspekta hakungoja machozi yakauke. Alirudi ndani karibu anakimbia. Harufu ile ya chini, ile aliyoshindwa kuitambua asubuhi, sasa aliijua. Aliifuata ukutani, nyuma ya chujio, mpaka kwenye pipa la bluu.

"Hili lina nini?"

"Mafuta ya majaribio," alisema mwenye kiwanda. "Yanatulia. Dada alisema lisiguswe mpaka kesho."

"Mtu anayetia nati kwenye mafuta zisishike kutu, parafujo ataiweka wapi?"

Alikunja mkono wa shati, akafungua kifuniko, akazamisha mkono mpaka kwapani. Vidole vikagusa chuma chenye mizunguko. Walisaidiana na Sajenti kuitoa, ikatoka ikichuruzika mafuta meusi yanayonuka masizi.

Pua aliketi juu ya gunia.

"Usiseme ni Alizeti," alisema. "Ni mimi."

"Pua yako haisikii kitu," alisema Inspekta. "Tangu lini?"

"Tangu ile homa. Miezi minne. Niliamka asubuhi, chai haina harufu, sabuni haina harufu. Nikasema itarudi."

"Na haradali?"

"Haradali inaniliza kama inavyowaliza nyinyi. Machozi hayahitaji pua. Ndiyo maana hakuna aliyejua." Alijifuta mikono, ikiwa tayari mikavu. "Jana nilimimina mafuta ya pipa hilo kwenye glasi, nikaona rangi. Nimeunguza pipa zima, na nimelipitisha kwa mdomo wangu mwenyewe. Na kesho mkaguzi ananiwekea chupa tatu, nzuri, iliyochacha na iliyoungua, nimwambie ipi ni ipi. Ningekisia?"

"Ukaona uing'oe."

"Nilidhani ataahirisha wiki moja. Labda ndani ya wiki ingerudi. Hiyo miezi sita nimeisikia leo, alipokuwa akikueleza wewe. Tangu hapo natafuta pa kuanzia." Akaitazama parafujo iliyokuwa bado ikichuruzika. "Miaka mitatu nakula kwake, nalala kwake. Nilichokuja nacho ni hii pua. Bila pua, mimi nani kwenye nyumba ile? Mla bure."

Mdogo mtu alikuwa amesimama wima, mikono ndani ya aproni. Alikuwa na hasira, na hakujisumbua kuificha.

"Wiki mbili, Dada. Wiki mbili nikifungua mlango huu nasikia harufu ya kuungua. Nikajiambia pua yangu ndiyo mbovu, Dada hakosei. Nikanyamaza."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia? Ungenivunja, unajua? Kwa adabu zote, na nati kwenye kikombe, ungenivunja."

Pua aliinamisha kichwa. Inspekta alijipapasa mfuko wa shati, akakumbuka, akautoa mkono.

"Unafungua mashtaka?"

Mwenye kiwanda alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba kasoro. Akaitazama mashine.

"Fundi anarudi Jumapili. Dada, nani alikufundisha kuifungua?"

"Hakuna. Nilimtazama fundi akiifunga."

"Mara ngapi?"

"Moja."

Mdogo mtu alipumua kwa nguvu. Akaokota spana chini, akaitupa mapajani mwa dada yake. "Basi irudishe. Chupa za kesho nitanusa mimi, na nikikosea nitakosea mwenyewe."

Jalada likaandikwa: mali imepatikana, mlalamikaji hana madai. Kielelezo, yaani parafujo, hakikuchukuliwa; kilihitajika kazini. Sajenti aliandika bila methali hata moja.

Walikuwa wakiaga, Pua alipoita kutoka chini ya mashine. "Inspekta, kama huna kazi, shika hapa." Akashika. Mafuta yakamshuka kifuani, na alijua mkewe atasema nini juu ya shati lile. Kwa mara ya kwanza katika siku kumi na moja, alikaa mahali pamoja nusu saa nzima.

Chuma kikaingia kwenye chuma kwa mpangilio wake. Uani mdogo mtu aliweka karai jingine na mbegu mpya, akaanza kukoroga. Pua alikaza nati, akasita, spana mkononi.

"Zinanukaje?" aliuliza.

Mdogo wake aliacha kukoroga. Siku zote swali hilo alikuwa akiliuliza yeye. Aliinamia karai, akavuta pumzi, akavuta tena.

"Bado kidogo, Dada," alisema. Na baada ya muda, "Sasa zimefika."

Pua akageuka kukaza nati ya mwisho.