Mbegu za Nchi ya Theluji

Zama zile Wachaga walipokuwa wakipigana mangi kwa mangi, chifu kwa chifu, mgeni alitokea kwenye lango la handaki la kulinda kijiji, mvua ikimnyeshea. Ndevu zake zilikuwa rangi ya nyasi kavu. Mlinzi alikuwa Kiwelu, kijana aliyetarajiwa kukabidhiwa mkuki wa marehemu baba yake na kuongoza vita.

"Simama hapo!"

"Nimesimama, bwana. Mvua ndiyo haisimami."

Sheria ilikuwa moja: wakati wa vita mgeni haingii mpaka mangi atume jani la isale, alama ya amani. Kiwelu aliishika sheria. Jani lilipofika jioni, mgeni alikuwa akitetemeka kwa homa.

Aliitwa Ilyasi. Alitekwa utotoni katika milima ya kaskazini ya mbali, akauzwa soko hadi soko mpaka Pangani. Kifuani alikuwa na kifuko cha mbegu, ndogo kuliko ulezi.

"Ua la kwetu," alisema, akikohoa. "Theluji hulifukia, na mwaka ukigeuka linachipuka tena pale pale. Pwani limenikatalia. Mbegu haziamki mpaka zilale kwenye baridi kali. Nipandie kule juu, penye weupe."

"Kule hata mbwa hapandi, mzee."

"Basi niahidi uongo, nife vizuri."

"Siahidi uongo," alisema Kiwelu. "Nitazipanda."

Usiku ule akafa, wakamzika kesho yake. Tangu hapo kikohozi cha Ilyasi kilimfuata Kiwelu migombani, mferejini, hata mlangoni kwake.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu. Nenda, kabla hajachoka kukusubiri."

Akapanda mlima peke yake, kikohozi kikija nyuma yake. Ukingoni mwa barafu alivunja ardhi kwa sime, akazikandamiza mbegu moja moja kwa vidole vitupu. Vidole vikafa ganzi. Kifuko kilikuwa hakijaisha. Akaendelea.

Siku ya kukabidhiwa, mangi alimnyooshea mkuki mbele ya vijana wote. Kiwelu aliupokea kwa vidole vilivyokuwa vimekwisha kuwa vyeusi kwa baridi ya kule juu. Ukamponyoka, ukaanguka miguuni pa mangi.

"Ameuza mkono wake kwa maua!" binamu yake Makyao alicheka, akauokota. Mkuki ukawa wake.

Kiwelu alirudi nyumbani taratibu kupitia migombani, akasimama mferejini, akasikiliza kama kikohozi bado kipo. Maji tu yalikuwa yakipita.