Kwanza Maji, Kisha Njia

Kila Jumamosi asubuhi Adalbert alikuwa mtu wa kwanza kutoka nyumbani na jembe begani. Jumamosi ni siku ya salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha njia. Adalbert alipiga filimbi. Majirani walitoka. Walikwangua tope la wiki nzima na kulitupa pembeni. Walipomaliza, njia ilikuwa safi kama sahani.

Njia yenyewe ilikuwa fupi. Ilianzia kwenye barabara kubwa inayotoka Bukavu kwenda Katana. Ilipanda kilima, ikapita kwenye kona ya mama Euphrasie, ikaishia uani kwa Adalbert. Siku ya jua mtu aliipanda kwa dakika kumi. Siku ya mvua hata pikipiki ilishindwa.

Mke wa Adalbert aliitwa Mireille. Majirani walimwita Maman Merveille, kwa jina la binti yao mkubwa. Miaka mitatu iliyopita uchungu wa kuzaa ulimshika mvua ikinyesha. Wanaume wanne walimbeba kwa kipoyi, kitanda cha miti kinachobebwa mabegani. Kwenye kona wawili waliteleza. Kipoyi kikaanguka. Walifika hospitali wamechelewa. Daktari alimpasua Mireille na kuokoa maisha yake. Mtoto hakupona.

Sasa ilikuwa mwisho wa Agosti, na Mireille alikuwa na mimba ya miezi saba. Muuguzi alimweleza taratibu.

"Maman, tumbo lako liko na kovu. Usizalie nyumbani. Wiki mbili mbele ya siku ya kuzaa, kuja ukae karibu na hospitali. Kama uchungu unaanza mbele ya ile, panda gari mara moja. Gari, si kipoyi."

Jioni Mireille alimrudishia mumewe maneno hayo.

"Gari itafika hapa namna gani?" aliuliza.

"Itafika," alisema Adalbert. "Trakta inakuja."

Trakta ilikuwa ya ushirika wa kahawa. Kila mwanachama aliitumia siku mbili kwa mwaka. Nyuma ilikuwa na bamba pana la chuma la kukwangulia udongo. Dereva wake, Hervé, alikuwa kijana wa maneno mengi.

"Papa Merveille, nifanye je?"

"Kwangua mpaka ku udongo mugumu. Toa tope yote. Sawazisha."

"Na maji itapita wapi?"

"Mvua bado. Wewe kwangua."

Hervé alikwangua kutwa nzima. Jioni njia ilikuwa tambarare na nyekundu. Watoto waliikimbilia, wakashindana mbio. Adalbert alisimama uani, mikono kiunoni. Siku moja ya trakta ilikuwa imekwisha. Ya pili aliiweka akiba, kwa ajili ya kumwaga kokoto.

Wiki mbili baadaye mvua ya kwanza ya Septemba ilishuka.

Ilinyesha saa moja tu. Lakini maji ya kilima chote yaliingia njiani na hayakutoka tena. Yalishuka katikati yake kama mto uliojichimbia bonde. Yalipofika kwenye kona hayakukata kona. Yalinyooka, yakaingia kwa mama Euphrasie.

Euphrasie alikuwa mjane mwenye umri wa miaka sitini. Kazi yake ilikuwa kuponda mawe kwa nyundo na kuuza kokoto. Maji yalibeba fungu la kokoto alilolikusanya mwezi mzima. Kisha yaliangusha ukuta wa jiko lake. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka humo dakika chache tu kabla.

Mvua ilipokatika alipanda kilima, sketi yake imelowa mpaka magotini. Hakupiga hodi.

"Adalbert! Toka uone kazi yako!"

"Mama, pole sana. Mvua ilikuwa kali."

"Mvua? Miaka makumi tatu mvua inanikuta pale. Haijakula jiko yangu. Ni wewe ulichongea maji barabara, ukaionyesha mulango yangu!"

"Sikutaka ivyo, mama."

"Maji haikuuliza kama ulitaka." Alimgeukia Mireille na sauti yake ikashuka kidogo. "Maman Merveille, sina vita na wewe. Mais kona ile ni kiwanja yangu. Kuanzia leo gari haipiti."

Hakuwa akitisha bure. Kesho yake gogo kubwa la mkaratusi lilikuwa limelazwa kwenye kona. Juu ya gogo Euphrasie alikaa, akiponda mawe. Ko, ko, ko. Nyumbani kwa Adalbert walimsikia kutwa nzima. Mireille alihesabu wiki kwa vidole. Zilibaki sita. Wiki mbili mbele ya siku, alisema muuguzi. Basi zilibaki nne.

"Nitaenda kumwomba tena," alisema Adalbert.

"Utamwomba nini?" aliuliza Mireille. "Gogo ikitoka leo, gari itapita mu ile mashimo? Hatujui kazi hii, papa. Tutafute mwenye kuijua."

Yeye mwenyewe alishuka mpaka barabara kubwa, polepole, akishika mgongo. Pale alimkuta Monique. Monique alikuwa kantonye, mfanyakazi wa kutunza barabara. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amefungua mitaro na kuziba mashimo. Alimsikiliza Mireille mpaka mwisho.

"Nitakuja," alisema. "Mais si leo. Leo kuko jua, njia itanidanganya. Nitakuja siku ya mvua."

Mvua ilinyesha siku ya tatu. Monique alifika na mwavuli uliovunjika na fimbo ndefu. Aliipanda njia polepole akitazama maji. Alidondosha jani moja, akalifuata mpaka kwenye kona. Adalbert alimfuata nyuma. Euphrasie aliwatazama kutoka kwenye gogo lake, karatasi ya nailoni kichwani.

Pahali penye mteremko mkali Monique alisimama katikati ya njia. Ukingo wa shamba ulimfika kiunoni.

"Salongo munafanya kila Jumamosi?" aliuliza.

"Kila Jumamosi," alisema Adalbert kwa fahari. "Hatukosi."

"Tope munatupa wapi?"

"Pembeni."

"Tangu lini?"

"Miaka kumi na moja."

Monique aliweka kiganja kwenye kiuno chake, sawa na ukingo wa shamba.

"Basi kutoka kwa miguu yangu mpaka hapa, iko salongo yenu."

Euphrasie alicheka kwa nguvu. Adalbert alihisi uso ukimwaka.

"Unasema tulifanya vibaya? Batu banaacha kazi yao, banakuja, hakuna mwenye kubalipa!"

"Sijasema hivyo, papa. Moyo yenu ilikuwa muzuri. Mais kila Jumamosi munatoa tope kidogo, na njia inashuka kidogo. Njia yenye iko chini kuliko shamba inaitwa mutaro. Ninyi muliichonga na jembe. Trakta ilimaliza."

Adalbert alitazama maji yakipita juu ya viatu vyake. Kumbe miaka mitatu iliyopita wale wabebaji waliteleza ndani ya mtaro, na filimbi ya kuuchimba aliipiga yeye.

"Tufanye je?" aliuliza, sauti ndogo.

"Nyumba yako iko na paa. Sababu ya nini?"

"Ili maji ishuke pembeni."

"Voilà. Njia pia inataka paa. Katikati inainuka, pembeni inashuka. Pembeni kunakuwa mitaro. Mais mbele ya yote, unijibu kitu moja. Maji ikitoka mu mitaro, itaenda kwa nani?"

Wote watatu walitazama pande zote mbili. Upande mmoja ilikuwa nyumba ya Euphrasie. Upande wa pili wa njia lilikuwa shamba la migomba la Adalbert, shamba bora la kilima kile, aliloachiwa na baba yake.

"Kwangu haiji," alisema Euphrasie. "Hata tone."

"Ikienda mu migomba yangu, itaibeba," alisema Adalbert.

"Ikishuka kwa mbio, ndiyo, itaibeba," alisema Monique. "Tukiipunguza mbio, tukiichimbia mashimo marefu ya kukata muteremko, itaingia mu udongo na kunywesha migomba. Mais mistari mbili ya migomba itatoka. Hiyo siwezi kukuficha."

Adalbert alitazama migomba. Ilikuwa imebeba mikungu. Aliomba apewe mpaka kesho. Monique alikubali, akafunga mwavuli wake, akaondoka.

Usiku ule Mireille hakumsukuma. Asubuhi, kabla ya chai, alisikia panga likikata. Alipotoka nje, mgomba wa kwanza ulikuwa umelala chini.

Euphrasie naye alisikia. Alisogea mpaka kando ya shamba na kutazama. Mgomba wa tano ulipoanguka alisema:

"Ule mukungu usiache uoze. Ulete, tutakula pamoja na batu ba kazi."

Kazi ilianza na maji. Majirani wa salongo walichimba mitaro miwili, mmoja kila upande. Ndani ya mitaro, kila baada ya hatua sita, walipanga kizuizi kifupi cha mawe. Maji yangeruka kizuizi, yangepumzika, yangeendelea. Kwenye kona walizika buse tatu, mabomba manene ya saruji yaliyokuwa yamelala bure kwenye ushirika. Hervé ndiye aliyeyakumbuka. Buse zingepitisha maji ya mtaro wa Euphrasie chini ya njia, mpaka kwenye shamba la migomba. Huko walichimba mitaro mirefu iliyokata mteremko. Kwenye kingo zake walipanda majani ya ng'ombe, ili mizizi ishike udongo.

Siku ya pili ya trakta ilifika katikati ya wiki ya kwanza ya Oktoba. Hervé aliruka chini.

"Papa Merveille, leo nikwangue mpaka wapi?"

"Nyamaza," alisema Adalbert, lakini alitabasamu. "Leo unajaza."

Asubuhi lile gogo halikuwapo tena. Euphrasie alikuwa amelivuta kando na sasa lilikuwa kiti cha wapishi.

Bamba lilirudisha njiani udongo mwekundu wa pembeni. Udongo mweusi wenye majani ulibaki shambani, kwa sababu unalainika ukilowa. Walijaza tabaka jembamba, unene wa kiganja, si zaidi. Kisha Hervé alipita juu yake na trakta, akivuta tela lililojaa mawe, kwenda na kurudi, mpaka kisigino hakikuacha alama. Ndipo wakaweka tabaka jingine. Monique alifunga kamba kati ya vigingi viwili, juu ya upana wote wa njia, akainyoosha kwa kutumia chupa yenye maji nusu. Katikati ya njia palipaswa kuwa juu ya ukingo kwa vidole vinne.

"Vidole tatu," alisema akiinama. "Ongeza."

"Maman, angalia mawingu!" alisema Hervé.

Upande wa ziwa anga ilikuwa imegeuka nyeusi.

"Nimeyaona. Ongeza."

Waliongeza. Juu ya udongo walipanga mawe makubwa, kisha ikafika zamu ya kokoto. Vijana walianza kumwaga kokoto za ukubwa mmoja tu. Euphrasie aliwasimamisha.

"Hapana, hapana! Ya ukubwa moja inateleza kama maharagi. Changanya. Kubwa, ndogo, na ile unga yake. Ndogo inajaza nafasi ya kubwa."

Monique alimtazama. "Nani alikufundisha, mama?"

"Nyundo," alisema Euphrasie.

Trakta ilimaliza kupita mara ya mwisho saa kumi jioni. Tone la kwanza lilimwangukia Hervé kwenye shingo wakati anazima injini.

Mireille alipanga kwenda karibu na hospitali siku ya Jumatatu. Uchungu haukusubiri. Ulimshika Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, siku tatu kabla ya safari. Na mvua ilikuwa inamiminika kwenye mabati kama mtu anayemwaga mawe.

Adalbert alipiga simu kwa Barthélemy, mwenye taksi.

"Papa, mu mvua hii? Kwenu? Gari yangu si mutumbwi!"

"Njia iko muzuri. Kuja."

"Ulinena hivyo Agosti."

"Agosti sikujua. Kuja, ndugu yangu. Ni Maman Merveille."

"Ninakuja mpaka chini. Nitaangalia."

Mireille alikaa kwenye kiti karibu na mlango, macho yamefungwa. Merveille alimshika mkono. Adalbert alisimama kwenye mvua akitazama njia. Maji yaligawanyika katikati ya kokoto, yakashuka pembeni, huku na huku. Lakini kwenye kona aliona maji yakianza kupanda juu ya mtaro. Kitu kilikuwa kimeziba mdomo wa buse.

Alianza kukimbia. Kabla hajafika, mtu alikuwa tayari ndani ya mtaro, maji magotini. Alikuwa Euphrasie, akivuta majani makavu ya migomba kwa jembe.

"Rudi kwa bibi yako!" alipiga kelele. "Huku niko mimi!"

Alivuta tena. Majani yaliachia. Maji yalinguruma, yakaingia ndani ya buse, yakatokea upande wa pili kwenye migomba.

Taa za gari zilionekana chini. Zilisimama. Kisha zikaanza kupanda, polepole, bila kuyumba. Gari lilipita kwenye kona, mbele ya Euphrasie, likafika uani.

"Ile njia ingine mulipeleka wapi?" alisema Barthélemy. "Maman, panda."

Mtoto alizaliwa jioni ile kwa upasuaji. Alikuwa wa kiume. Alilia kabla hajafutwa.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Adalbert alipiga filimbi kama kawaida. Majirani walitoka. Juu ya njia kulikuwa na tope kidogo, na mkono wa Adalbert uliwashwa kulikwangua.

"Papa Merveille!" Sauti ilitoka kwenye jiko jipya la kona. "Usiguse mugongo ya njia!"

Akageuza jembe. Siku ile walisafisha mitaro, wakatoa majani kwenye mdomo wa buse, wakarudisha katikati kokoto zilizokimbilia pembeni.

Wakiwa bado kazini, taksi ya Barthélemy ilipanda ikimrudisha Mireille na mtoto. Kwenye kona Euphrasie alisimama katikati ya njia, mikono wazi. Barthélemy akafunga breki.

"Mama, unafunga njia tena?"

"Dakika moja," alisema Euphrasie. Alipangusa vumbi la mawe mikononi, akafungua mlango wa gari. "Munipe nimuone. Huyu ndiye alitoa maji mu nyumba yangu."