Mkwaruzo wa Gurudumu la Kushoto

Haya yalimpata Hatibu, mwalimu mwenzangu hapa Mafiga, na alinisimulia kwa sauti ile ile anayoitia mahudhurio.

Alikwenda kumzika mkewe, Mwajuma, kwao Mgeta, milimani. Kiharusi kilikuwa kimempooza mguu mmoja, akawa anauburuza kwa muda mrefu. Wakati wa kuondoka makaburini wazee walimwonya asigeuke nyuma. Hakugeuka. Alipoondoa gari alitazama tu kioo cha pembeni, mara moja.

Kwenye kona ya kwanza akasikia kitu kinaburuzwa kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Kwaruu, kisha kimya. Kwaruu, kisha kimya. Ukungu ulikuwa umeshuka, mchana umekuwa giza. Akisimama, na sauti inasimama. Akashuka nayo hivyo hadi mjini.

Fundi Allen alipiga jeki, akavua tairi, akakagua breki na beringi.

"Mwalimu, hapa pazima kabisa. Hebu endesha polepole, mimi nifuate kwa miguu nisikilize."

Hatibu akazunguka uwanja wa gereji.

"Simama, mwalimu," fundi akasema. "Shuka uone."

Kwenye vumbi, kando ya alama za tairi, kulikuwa na nyayo za mtu aliye peku. Mguu mmoja ulikanyaga, wa pili uliburuzwa. Ziliishia kwenye mlango wa mbele wa abiria.

 Hatibu aliufungua ule mlango, akangoja kidogo, akaufunga taratibu.

Gari halijakwaruza tena. Juzi alinipa lifti. Nilipotaka kukaa mbele, akaniomba nikae nyuma.