Chokea ya Tunu

Kila asubuhi Tunu, mwanafunzi wa darasa la sita kule Tandale, hufagia ua, huoga, kisha hughani beti zake za ngonjera huku akivaa sare. Jumatano ile hakughani chochote. Jicho la kulia liligoma kufumbuka, na kwenye kioo aliona kijipu chekundu ukingoni mwa kope. Chokea!

Alijifunika mtandio mpaka puani, lakini wapi! Darasani Farhan aliiona.

"Tunu, ulimchungulia nani bafuni?" aliuliza, na darasa zima likaangua kicheko.

Si watu husema chokea humtoka anayechungulia wenzake wakioga? Na kwao Tunu wapangaji sita wanatumia bafu moja. Nani angemwamini?

"Mie sijamchungulia mtu!" alilia. Mashindano ya ngonjera ya kata yalibaki siku kumi tu, na yeye ndiye kiongozi. Angesimamaje jukwaani achekwe?

Rafiki yake Jesca alimvuta kando. "Njoo nikuminye usaha utoke, yaishe."

Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kope Mwalimu Gaudens alipotokea. "Thubutu! Jicho hilo, si chunusi!" Hapo hapo akampigia simu mama Tunu, naye akampeleka binti yake zahanati.

"Shikamoo," Tunu alimwamkia muuguzi, Bi Margareta.

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, jicho hili limeguswa na nini siku hizi?"

Tunu akakumbuka. Siku ya mazoezi ya ngonjera alichukua wanja wa mama bila ruhusa, wakajipaka wasichana sita kwa kijiti kimoja. Kusema ni kujichongea. Lakini jicho lilimwuma, na ngonjera aliipenda.

"Mama, nisamehe. Nilichukua wanja wako, tukajipaka sote sita."

Mama alimkazia macho, kisha akashusha pumzi.

"Umenisaidia sana kusema," alisema Bi Margareta. "Vijidudu vimeingia kwenye vitundu vya mafuta vya kope. Bafu halihusiki kabisa! Nawa mikono, chovya kitambaa safi kwenye maji ya vuguvugu, kanda dakika kumi, mara nne kwa siku. Usiiminye. Wanja ule muutupe. Uvimbe ukisambaa, au ukianza kuona ukungu, rudini upesi."

Tunu alikanda bila kuchoka, hata usingizi ulipomlemea. Siku ya tano kijipu kilipasuka chenyewe, na siku ya nane kope ilikuwa nzima.

Siku ya mashindano alisimama mbele bila wanja, macho yote mawili yakiwa wazi, akaghani mpaka waamuzi wakasahau kalamu zao. Shule yao ikawa ya kwanza! Farhan alipiga miluzi kuliko wote, kisha akamfuata. "Nisamehe, Tunu. Nilikusingizia."

Mama alimkumbatia binti yake kwa furaha. "Kombe ni la shule nzima, mwanangu, ila mie najivunia ule ukweli wako pale zahanati. Mficha maradhi kilio humuumbua. Wewe ulisema, ndiyo maana ukatibiwa ukapona."