Chafya Katika Kiti cha Meno

Judy, yule wa mapokezi katika kliniki ya meno ya Daktari Kigen kule Kitale, ndiye aliyenieleza kwanza, jioni aliyomleta Phanice nyumbani Kanduyi. Mimi ni jirani tu. Phanice akiwa kazini, mtoto wake mchanga, Nasike, nilimlea pamoja na wangu.

Ilianza na chafya.

Mapema mwaka huo mama mmoja aitwaye Chepkirui alidungwa dawa ya usingizi ili ang'olewe meno, akaacha kupumua kitini. Mtungi wa oksijeni ulikuwepo, lakini ulikuwa umefungiwa kabatini, na Kigen alikuwa ameenda kunywa chai na ufunguo mfukoni. Aliporudi, mama alikuwa amepoa.

Tangu hapo Kigen akawafanyisha watu wake mazoezi ya dharura. Mmoja hulala kitini kama aliyezimia, wenzake humtikisa bega na kumwita jina, kisha hukimbilia oksijeni. Siku hiyo alilala Phanice, msaidizi wake.

"Leo mgonjwa anaitwa nani?" Judy akauliza.

"Mwite Chepkirui," Kigen akasema akicheka. "Si alikuwa na haraka ya kufa. Tuone kama leo tutamuwahi."

"Daktari, ati jina la marehemu? Na vile kwenu mnafanya?"

Kwao Kigen, mtoto akizaliwa huitiwa majina ya waliokufa, na lile atakalolipigia chafya, mwenye jina ndiye amerudi ndani yake.

"Hiyo ni ya watoto. Huyu ni mtu mzima, bana." Akainama. "Chepkirui. Chepkirui, unanisikia?"

Phanice akapiga chafya.

Judy alicheka peke yake. Kigen alikuwa ameshaondoa mkono begani. Chumba kilijaa harufu ya karafuu na damu iliyolala, na Phanice akabaki amekodoa macho, kifua hakipandi wala hakishuki, mpaka kinywa chake kikafunguka na kutoa sauti nzito ya mwanamke mwingine.

"Nilikuwa nawasikia mkitafuta ufunguo."

"Mama Nasike, wacha mchezo," Judy akanong'ona.

"Mmoja wenu akasema mimi ni mzito kugeuza."

Kigen akamwita Phanice kwa jina lake, tena na tena. Hakukutoka chafya.

"Huyo humu hayuko. Lala wewe hapa, daktari, uniite, nihamie kwako. Yeye atarudi."

Kigen alikitazama kiti. Kisha akavua glavu na kumwambia Judy, "Mpeleke kwao. Ana likizo."

Judy alikuwa akinieleza hayo jikoni kwangu, kwa sauti ya chini, tuliposikia mtu akiita kutoka chumba cha pili, polepole kama anayebembeleza, na nilipoingia nikamkuta Phanice amemwinamia Nasike mkekani, midomo sikioni mwake, akirudia Chepkirui, Chepkirui, na pua ya mtoto imeanza kukunjamana, nikajitupa nikaibana pua na kinywa chake kwa kiganja, nikamshikilia hivyo huku akirusha miguu na midomo yake ikigeuka rangi, mpaka nikaona kwamba nikiendelea nitamuua.

Nikaachilia.

Nasike akapiga chafya.

"Judy?" Phanice akasema kwa sauti yake. "Tumefika lini?"

Judy akapiga magoti akamshukuru Yesu. Phanice akamkumbatia mwanawe, akalia, akacheka. Mtoto alinitazama juu ya bega la mama yake bila kupepesa, na katika kinywa ambacho hakijaota jino hata moja nikasikia harufu ya karafuu.

Asubuhi yake nilimfunga wangu mgongoni, nikamfunika uso kwa leso, nikaondoka kwenda kwa mama yangu Moi's Bridge. Phanice alikuwa mlangoni akinyonyesha.

"Mbona mapema hivi, jirani?"

Nilimwambia mtoto wangu ana homa. Sikumwambia lingine.